Njaa na Uchu (Sehemu ya Pili): Jani Linapolifunga Tumbo Mdomo

Juma lililopita niliwaachia swali. Mtu amekula githeri saa saba mchana. Saa kumi anapita kando ya kibanda cha nyama choma pale Makutano, Meru, na mate yanamjaa kinywani. Ana njaa? Wengi mtasema ana uchu tu, nami nakubali. Sasa tushuke hadi Kiritiri, upande wa Mbeere. Kijana anatafuna majani ya muguka tangu asubuhi, jua linatua hajatia tonge mdomoni, na mamake akimwita aje ale anajibu, "Mama, sina njaa." Huyu naye tumwamini?

Kiswahili kimetugawia maneno vizuri. Njaa huomba chakula. Uchu huomba kitu chenye jina. Mwenye njaa mpe nduma baridi au ndizi ya kuchemsha, atakula na kushukuru. Mwenye uchu wa chipsi ukimpa nduma hiyo atasema ameshiba, wala hasemi uongo. Mimi hujipima hivyo usiku nikijikuta nimesimama mbele ya kabati la jikoni: ingekuwa githeri ya jana, tena haijakaangwa, ningeila? Mara nyingi jibu hunirudisha kitandani.

Lakini kipimo hicho hufaa pale tu tumbo linaposema kweli. Na tumbo husemaje? Mwaka 1912, huko Marekani, Washburn, aliyekuwa akisoma kwa mtaalamu Walter Cannon, alimeza kipira chembamba kilichofungwa kwenye mrija, kikajazwa hewa tumboni mwake. Tumbo lilipojikaza, naye aliashiria kwamba njaa inamuuma. Wakaamua kwamba njaa ndiyo huko kujikaza. Ilikuwa nusu ya ukweli, maana hata waliotolewa tumbo zima kwa upasuaji bado husikia njaa.

Nusu nyingine ilisubiri hadi 1999, Wajapani Masayasu Kojima na Kenji Kangawa walipotangaza homoni ya grelini. Hiyo hutoka zaidi tumboni, ikasafiri kwa damu hadi ubongoni kudai chakula. Na ina mazoea kama ng'ombe wa kukamuliwa: hupanda saa zilezile ulizozoea kula. Mwalimu wa Runyenjes aliyezoea chai na mandazi ya saa nne asishangae akiitamani chai hiyo saa nne ileile hata wakati wa likizo. Asipokula, wimbi hilo hushuka lenyewe kwa muda, kisha litarudi.

Turudi kwa kijana wetu. Ndani ya miraa na muguka mna kathinoni, kemikali iliyo karibu sana na amfetamini. Huusisimua ubongo, hufukuza usingizi na kuua hamu ya kula. Hata chakula kilichotangulia tumboni hukawia kushuka. Kathinoni huvunjika upesi jani likinyauka, ndiyo maana miraa ya Igembe hufungwa kwa majani ya mgomba, na pikapu zikitoka mji wa Maua huendeshwa kama zinafukuzwa. Basi njaa ya kijana haijaondoka. Imezimwa sauti tu. Mwili unaendelea kutumia akiba yake, na mwenyewe ana furaha.

Mtazame vizuri, maana kuna jambo la ajabu hapo. Huyo asiyetaka ugali anataka soda, anataka chingamu ya Big G, anataka karanga za kupunguza uchungu wa jani. Katika kinywa kimoja uchu unaongea na njaa imenyamaza. Mei 2024, kaunti ya Mombasa ilipoipiga muguka marufuku na Rais Ruto akasema marufuku hiyo haina nguvu, tulibishana sana juu ya vijana, kodi na mahakama. Sikumsikia mtu akiuliza vijana hao walikula nini mchana.

Kwa mtafunaji, basi, tumbo si shahidi wa kutegemewa. Aulize saa: nilikula lini mara ya mwisho, na nini? Aangalie kama mikono inatetemeka, kama kizunguzungu kinamjia akiinuka, kama anakasirikia neno dogo. Wengine hula vizuri kabla ya kuanza kutafuna, na hiyo ni busara ya wazee kuliko ya daktari. (Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini ana hesabu nyingine: akitetemeka na kutoka jasho, asikae kujiuliza kama ni uchu. Ale kitu chenye sukari papo hapo.)

Kuna uchu mmoja ambao kipimo changu cha githeri hakiufikii. Katika masoko yetu mengi utaona vijiwe vya udongo wa kula vimepangwa kando ya nyanya, na wanunuzi ni akina mama, hasa wajawazito. Shibe haiuondoi uchu huo. Mara nyingi huandamana na upungufu wa madini ya chuma mwilini, na wa kuupima ni muuguzi wa kliniki, kwa damu kidogo tu.