Savannah: Mji Uliookolewa na Ukata

Barabara kuu namba 16 inaanzia Macon na kuishia Savannah, katika jimbo la Georgia, na katikati hapo hakuna kitu cha kukufanya upunguze mwendo. Misonobari, kituo cha mafuta, misonobari tena. Sisi tunaokaa Clarkston, pembeni ya Atlanta, tunatumia kama saa nne kufika. Mwaka huu tumeipita njia hiyo mara tano, mimi na mke wangu. Yeye ni muuguzi, kazi za hospitali ziko kila mahali, na amechoka kuishi mahali ambapo bahari ni habari ya kusikia tu. Mtu wa Tanga utamlaumu kwa hilo? Ndugu zetu wanauliza kwenye simu: huko Savannah kuna nini, na mna uhakika gani? Haya ndiyo tuliyoyaona.

Kwanza, ukifika mjini huioni bahari. Mji umekaa juu ya ukingo wa mto, kama mita 12 juu ya maji, na bahari yenyewe iko karibu kilomita 30 mashariki. Katikati kuna visiwa, vijito na uwanda mpana wa majani yanayoota kwenye maji ya chumvi. Kwetu mahali kama hapo pangekuwa na mikoko. Hapa ni majani marefu, kijani wakati wa joto, rangi ya ngano wakati wa baridi. Maji hujaa na kupwa kwa takribani mita mbili, mara mbili kwa siku, na yakipwa utaona chaza walivyobanana juu ya tope. Harufu ya tope lile niliitambua kabla sijafungua mlango wa gari. Hadi mwaka 2025 upepo ukigeuka ilikuja harufu ya pili, ya kiwanda cha karatasi, na hiyo sijasikia aliyeitungia shairi. Usubi nao wapo, wadogo kuliko punje ya ulezi, na wanauma kama wanakudai. Timu ya besiboli ya mji kwa miaka mingi ilijiita kwa jina lao.

Mji wenyewe ulipimwa kabla ya kujengwa. Mwaka 1733 Mwingereza James Oglethorpe alipanda ukingo ule na wahamiaji wake, akaelewana na Tomochichi, mkuu wa Wayamacraw, kisha akagawa mitaa kwa kipimo kimoja: katikati kiwanja cha mraba kilicho wazi, pande mbili majengo ya umma, pande nyingine nyumba za watu. Viwanja hivyo vilifika 24 na leo vimebaki 22. Ukitembea, kila baada ya dakika mbili au tatu unaingia kwenye kivuli kingine cha mialoni, na magari yanalazimika kuzunguka taratibu. Kwenye matawi kunaning'inia mimea ya kijivu kama ndevu za mzee. Wenyewe wanaiita kuvu ya Kihispania, ingawa si kuvu wala si ya Hispania: ni jamaa wa nanasi. Tomochichi alizikwa katika kimojawapo cha viwanja hivyo mwaka 1739. Mwaka 1883 juu ya mahali pake wakasimamisha mnara wa mkubwa wa reli, na yeye baadaye akawekewa jiwe kwenye pembe.

Watu wa huku husalimiana. Ukipita mbele ya nyumba na mwenyewe ameketi barazani, kunyamaza ni utovu wa adabu. Mtoto hamwiti mtu mzima kwa jina tupu. Mke wangu alisalimiwa na kijana dukani kwa heshima ya namna hiyo, akatoka akisema hajasikia shikamoo ya Kizungu tangu aje Marekani.

Je, uzuri wote huu umebakije? Nilidhani jibu ni utajiri, kumbe ni ukata. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, Jenerali Sherman wa jeshi la Kaskazini alipofika Desemba 1864 baada ya kuchoma njia nzima kutoka Atlanta, wakuu wa Savannah walimkabidhi mji bila kupigana, kwa hiyo haukuungua. Pamba iliyoutajirisha ikaanguka mwanzoni mwa karne ya 20, mdudu wa pamba akamalizia mashamba, na mji ukakosa fedha. Mji usio na fedha haubomoi. Unaacha nyumba zichakae. Mtu aliyekulia Tanga baada ya katani anaielewa sentensi hiyo bila maelezo.

Hatari ilikuja fedha ziliporudi. Mwaka 1954 soko la zamani la matofali lilibomolewa ili ijengwe gorofa ya kuegesha magari. Mwaka uliofuata ilipofika zamu ya nyumba ya Davenport, ya mwaka 1820, wanawake saba wakachanga dola 22,500 wakainunua. Hapo ndipo ilipozaliwa Historic Savannah Foundation, na njia yao ilikuwa ya kibiashara zaidi kuliko ya kulalamika: wananunua nyumba inayotaka kuanguka, wanamuuzia mtu anayeweza kuikarabati, wanamfunga kwa masharti kwenye hati asiibomoe, na fedha zinazorudi zinanunua nyingine. Ile gorofa ya magari yenyewe ilikuja kubomolewa, na mwaka 2010 kiwanja kikafunguliwa tena, magari yakiwa chini ya ardhi.

Hadithi hiyo ya wanawake saba wanaisimulia waongoza watalii wote. Ya pili inataka uvuke Martin Luther King Boulevard, barabara ambayo zamani iliitwa West Broad. Huko ndiko kulikokuwa na benki, maduka na kumbi za Wamarekani weusi. Mwaka 1963 stesheni kubwa ya reli ikabomolewa kupisha ile ile barabara namba 16, na biashara za mtaa zikafa moja baada ya nyingine. Kwa hiyo kila tunapoingia mjini tunapita juu ya mtaa wa watu. W. W. Law, mtu wa posta aliyegawa barua kwa miguu na kuongoza tawi la mji la NAACP, chama cha kutetea haki za weusi, kuanzia mwaka 1950 hadi 1976, alikuwa kati ya walioongoza mgomo dhidi ya maduka ya Broughton Street yaliyowabagua weusi mwaka 1960, kisha akatumia uzee wake kuokoa nyumba za weusi zisibomolewe. Ningehamia kwa ajili ya mtu mmoja wa Savannah, ningehamia kwa ajili ya huyo.

Kuna mwaka mmoja ambao siwezi kuupita haraka, nao ni 1859. Machi mwaka huo, katika uwanja wa mbio za farasi magharibi ya mji, Pierce Butler, aliyekuwa na madeni ya kamari na biashara, aliwaleta watu wake 436 kutoka mashamba ya mpunga na pamba ya visiwani ili wauzwe. Mnada ulichukua siku mbili, mvua ikinyesha siku zote mbili, na ukaingiza dola 303,850. Waliouzwa waliziita siku zile Wakati wa Kulia. Mwaka huohuo, katika Franklin Square, kanisa la First African Baptist lilikamilika. Lilijengwa na waumini wenyewe, wengi wao watumwa, usiku baada ya kazi ya mabwana. Sakafuni kuna matundu madogo yaliyopangwa kwa umbo la msalaba ndani ya almasi. Kanisa husimulia kwamba waliotoroka walijificha chini yake na matundu yaliwapa hewa, na kwamba umbo lile ni alama ya Wakongo ya mzunguko wa uhai na mauti. Safari ya tatu tulikwenda na jirani yetu wa Clarkston, mzaliwa wa Bukavu. Wakongo wa alama ile ni wa upande wa pili wa nchi yake, mbali sana na kwao, lakini alipiga magoti akachungulia tundu moja kwa muda mrefu kuliko mwongozaji alivyopenda.

Januari 1865 Sherman, akiwa amekaa katika jumba la tajiri wa pamba ambalo bado lipo Madison Square, aliita viongozi 20 wa makanisa ya weusi awaulize wanataka nini. Msemaji wao, mzee Garrison Frazier, aliyekuwa amejinunua mwenyewe kutoka utumwani, alijibu kwamba wanataka ardhi waifanyie kazi kwa mikono yao. Siku nne baadaye ikatoka amri ya kuwagawia pwani kuanzia Charleston hadi kaskazini ya Florida, kwa mafungu yasiyozidi ekari 40. Kabla ya mwaka kwisha Rais Andrew Johnson alikuwa ameanza kuirudisha kwa wenyewe wa zamani.

Wazao wa watu wale, Wagullah-Geechee, bado wako visiwani na vijijini. Wana lugha yao, wali wao mwekundu wa nyanya, na bamia zao. Katika kisiwa cha Sapelo, kusini ya Savannah, aliishi Bilali Muhammad, Mwislamu kutoka Futa Jallon, aliyeacha kijitabu cha Kiarabu cha fiqhi ya Imamu Malik. Sasa kimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Georgia. Mama yangu nilipomweleza alitaka kujua jambo moja tu: huko utumwani karatasi aliipata wapi?

Basi dalali anapotuambia nyumba ni "ya kihistoria", nalisikia neno hilo taratibu. Alituonyesha ukuta wa matofali ya kijivu, akaupapasa kama mtu anayepapasa kanzu ya hariri. Matofali hayo yalifinyangwa kwa mikono na watumwa wa shamba la Hermitage, kando ya mto. Leo, jengo likianguka, yanauzwa ghali moja moja.

Bei, kwa kweli, imekwisha kutuamulia sehemu ya swali. Mji wa kale ni wa waliouza nyumba New York, wa chuo cha sanaa cha SCAD kilichoanza 1978 na kukarabati majengo mengi ya zamani, na wa nyumba za kulaza wageni. Halmashauri imeweka kikomo: nyumba za wageni ambazo mwenyewe haishi humo zisizidi moja katika kila tano ndani ya mtaa. Moja kati ya tano ni jirani mwenye begi la magurudumu anayebadilika kila Ijumaa. Anatembea mitaani na bia kwenye kikombe cha plastiki, maana sheria ya mji inamruhusu. Si mahali pa mtu anayetoka zamu ya usiku.

Kazi zipo. Bandari ni miongoni mwa kubwa kabisa za makontena nchini, na mwaka 2022 walimaliza kuuchimba mto ili meli kubwa zaidi zipite. Ukikaa mgahawani River Street zinapita mbele yako kama ghorofa inayohama. Gulfstream wanaunda ndege za matajiri karibu na uwanja wa ndege. Hyundai wamejenga kiwanda cha magari wilaya ya Bryan, upande wa magharibi, kilichoanza kutoa magari mwaka 2024. Nacho kimetupa somo la Septemba 2025, maofisa wa uhamiaji walipovamia eneo la ujenzi wa kiwanda cha betri lililo hapohapo, wakaondoka na watu 475, zaidi ya 300 wao wakiwa Wakorea, raia wa nchi iliyoleta fedha. Karatasi zetu ziko sawa. Hata hivyo siku hiyo mke wangu alinitumia ujumbe wa neno moja: "Umeona?"

Kuna joto pia. Mtu wa pwani atacheka, lakini Julai ya Savannah ni fukuto la nyuzi 33 lisilo na upepo wa kusi wa kulipunguza, na nyumba zimejengwa kwa kutegemea kiyoyozi. Umeme ukikatika, kama ulivyokatika kwa siku kadhaa sehemu nyingi baada ya kimbunga Helene mwaka 2024, ndipo unapoelewa kwa nini nyumba za zamani zilikuwa na dari za juu na roshani.

Vimbunga vina msimu wake, Juni hadi Novemba. Kimoja kikielekezwa huku, serikali inaweza kuigeuza barabara namba 16, njia zote, kuelekea bara. Bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko. Ya mafuriko inanunuliwa peke yake, ile ya serikali kuu inasubiri siku 30 kabla ya kuanza, na jengo halilipwi zaidi ya dola 250,000. Hata pasipo kimbunga maji yanakuja. Oktoba, wakati wa bamvua, tulikwenda njia ya Tybee, kisiwa cha ufukweni, tukakuta maji ya kijito yamepanda hadi lami, polisi akigeuza magari. Jua lilikuwa linawaka, anga safi. Mke wangu, ambaye bamvua ameifahamu tangu utoto, alisema kwao hakuna mtu ambaye angejenga barabara pale bila kuwauliza wavuvi.

Tulitazama Pooler, upande wa uwanja wa ndege: nyumba mpya, zote sura moja, mbali na maji, na huwezi kununua hata chumvi bila gari. Tulitazama visiwa, tukatazama na bei ya bima, tukarudi. Mwisho tumepata nyumba ndogo ya kupanga Thunderbolt, mji mdogo ulioungana na Savannah, wenye gati la mashua za kamba, si mbali na Savannah State, chuo cha weusi kilichoanzishwa 1890. Tutapanga mwaka mmoja. Hatununui kabla ya kuona Septemba moja tukiwa ndani.

Siku ya kutia saini, bibi wa nyumba ya pili alikuwa barazani. Tukamsalimu, akatuuliza watoto wangapi, kanisa gani au msikiti gani, na je, tunakula kaa. Nilimuuliza kuhusu maji ya kimbunga Matthew, cha mwaka 2016. Hakusema kitu, alinyoosha kidole kwenye mwaloni ulio chini kabisa ya barabara, karibu na mto. Tulishuka hadi mtini, tukageuka, tukahesabu hatua mpaka mlangoni kwetu. Mke wangu alipata 212, mimi nikapata 190. Tukarudi kuhesabu tena.