Sauti ya Baba Ndani ya Muziki wa Mwana: Ushairi na Hip-hop ya Johannesburg



Mjukuu wangu ana miaka 17, na visikilizio havimtoki masikioni. Kwa muda mrefu nilikuwa nikimwambia, "Hebu zima hizo kelele." Siku moja akanijibu kwa adabu, "Babu, sikiliza huu mmoja tu. Huyu anayesema ni mshairi, na amewahi kukaa Dar es Salaam." Nikasikiliza. Baadaye nikafanya ile kazi niliyoizoea ya ukarani: kuuliza, kusoma na kuandika. Niliyoyapata yanatuhusu sisi tulioko huku Ghuba kuliko nilivyodhani.

Mshairi huyo ni Keorapetse Kgositsile, aliyezaliwa Johannesburg mwaka 1938. Alifanya kazi katika gazeti la New Age lililopinga ubaguzi wa rangi. Mwaka 1961 chama cha ANC kilimtaka atoke nchini, akafika Dar es Salaam na kufanya kazi katika jarida la Spotlight. Mwaka uliofuata akaenda Marekani kusoma, na mwaka 1975 akarudi Dar es Salaam kufundisha Chuo Kikuu. Alirejea kwao mwaka 1990, na mwaka 2006 akatangazwa mshairi wa taifa la Afrika Kusini. Alifariki Johannesburg tarehe 3 Januari 2018.

Mtu atauliza: mzee kama huyo na hip-hop wapi na wapi? Jibu liko Harlem, New York. Tarehe 19 Mei 1968 kundi la vijana weusi lilisimama mbele ya watu likasoma mashairi juu ya mlio wa ngoma. Walijiita The Last Poets, na jina hilo walilipata katika shairi la Kgositsile. Wanaoandika historia ya hip-hop huwahesabu vijana hao miongoni mwa waliofungua njia. Kwa hiyo mzizi mmoja wa muziki huu tunaodhani ni wa Kimarekani mtupu ulichipua kwa mtoto wa Johannesburg.

Sasa nieleze namna mambo haya mawili yanavyochanganywa, maana hapo ndipo wazee wenzangu tunapopotea. Rapu ya kawaida hufuata mapigo manne yanayojirudia, na maneno hupangwa yakae juu yake, vina kwa vina. Ushairi wa kusemwa haufungwi na pigo. Huenda kwa pumzi ya msemaji, naye anaweza kunyamaza, kukimbia au kurudia neno apendavyo. Ukiviweka pamoja bila ya hadhari, kimoja humeza chenziwe. Mafundi wa hip-hop ya majaribio hutafuta njia nyingine. Huchukua kipande kifupi cha wimbo wa zamani, wakakikata na kukirudia, mara nyingine wakaondoa ngoma kabisa, ili sauti ya msemaji ndiyo iongoze na muziki uifuate.

Sisi jambo hili si geni kwetu. Mapadri walionisomesha Tabora walitufundisha kuhesabu mizani: nane na nane, mstari mmoja kumi na sita, beti mistari minne. Lakini nyumbani marehemu baba alipoghani utenzi baada ya isha, hakuhesabu kitu. Alivuta sauti pale maana ilipokuwa nzito na kupita haraka pale ilipokuwa nyepesi. Mizani ilikuwa mle mle, ila haikumtawala. Vijana wa Johannesburg wanafanya kazi hiyo hiyo kwa mashine.

Nao wameianza zamani. Lesego Rampolokeng, mshairi aliyezaliwa Soweto mwaka 1965, mwanzoni mwa miaka ya 1990 alirikodi mashairi yake makali pamoja na Kalahari Surfers, juu ya muziki uliokatwakatwa na kuunganishwa upya. Baadaye likaja kundi la Tumi and the Volume, ambalo mwaka 2004 lilitoa santuri iliyorikodiwa mbele ya watu katika ukumbi wa Bassline, Johannesburg. Hawa walitumia gitaa, besi na ngoma za kupigwa kwa mkono. Mwimbaji wake, Tumi Molekane, amezaliwa Tanzania mwaka 1981, kwa wazazi wa Afrika Kusini waliokuwa uhamishoni. Kumbe hata huyo ni mtoto wa ugenini kama wetu.

Nije sasa kwenye ule wimbo alionisikilizisha mjukuu wangu. Kgositsile alimzaa mtoto Marekani mwaka 1994, Thebe, ambaye wapenzi wa hip-hop wanamjua kwa jina la Earl Sweatshirt. Wazazi walitengana yeye akiwa mdogo, akalelewa na mama yake, Cheryl Harris, ambaye ni profesa wa sheria. Katika nyimbo zake za ujana hakuficha uchungu wa kukua mbali na baba. Mwezi wa Novemba 2018 alitoa santuri ya Some Rap Songs, nyimbo 15 kwa karibu dakika 25. Ndani yake mna wimbo uitwao Playing Possum, na humo yeye mwenyewe haimbi hata neno moja. Amechukua hotuba ya mama yake na baba yake akisoma shairi, akazikata sauti zile na kuzipanganya, mama akisema kidogo, baba akisema kidogo, mpaka ukadhani wamekaa chumba kimoja. Alikusudia kumsikilizisha baba yake. Mzee akafariki kabla hajausikia.

Nilipoelezwa hayo nilimwomba mjukuu wangu auweke tena.

Ndugu zangu, katika mwaka wa 1984 nilirikodi sauti ya baba yangu akighani, kaseti nzima pande zote mbili. Miaka michache baada ya kufariki kwake nilitafuta kaseti tupu ya kurikodia mpira wa redioni, nikaiokota ile bila ya kuangalia. Sikufutiwa na mtu, nilifuta kwa mkono wangu. Leo wajukuu wananiuliza babu yao mkubwa alikuwa akisemaje, nami nina maneno machache tu ya kukumbuka, na sauti sina.

Watoto wetu huku wanatufahamu tukisema Kiswahili, lakini wengi wanatujibu kwa Kiarabu au Kiingereza. Tunawalaumu, na muziki wao tunauita kelele. Ninavyoona mimi, muziki huo una nafasi ya kutupokea, ikiwa kuna kitu cha kuuwekea ndani. Kila mmoja ana simu mfukoni. Mkalishe bibi au babu mahali pa kimya, zima feni na televisheni, weka simu karibu na mdomo, mwache aghani, atoe hadithi au ataje ukoo kwa namna yake. Andika jina na tarehe, kisha hifadhi nakala mbili, mahali mbalimbali.

Mjukuu wangu ameshaanza na mimi. Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana nasoma beti kumi, na yeye anarikodi. Atazifanyia nini baadaye ni shauri lake.