Treni ya Nanyuki: Safari ya siku moja na vyakula vya Nyeri njiani

Mkazi wa Nyeri hahitaji kufika Nairobi ndipo apande treni ya Mlima Kenya. Treni ya abiria kati ya Nairobi na Nanyuki hupitia vituo vya Karatina, Kiganjo na Naro Moru, vyote vikiwa ndani ya kaunti hii. Kipande hicho kifupi ndicho chenye mandhari bora katika safari nzima, na ndicho chenye vyakula ambavyo wageni wengi huvipita dirishani bila kuvionja.

Huduma hiyo ilirejea mwishoni mwa 2020, baada ya Shirika la Reli la Kenya kukarabati njia ya zamani kwa msaada wa wanajeshi wa KDF na vijana wa NYS, kwa gharama ya takriban Sh1.8 bilioni. Imekuwa safari ya wikendi: Ijumaa treni hupanda kutoka Nairobi hadi Nanyuki, Jumapili asubuhi hushuka. Ratiba na nauli hubadilika, na mvua kubwa inaweza kusimamisha safari, kwa hivyo ni vyema kuuliza katika kituo kilicho karibu siku moja au mbili kabla ya kusafiri.

Wengi hufikiria Ijumaa kwanza. Kwa anayetaka kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, Jumapili ni bora. Mlima Kenya, wenye urefu wa mita 5,199, huonekana vizuri asubuhi kabla mawingu hayajaufunika, na ikifika alasiri, treni ya Ijumaa inapokaribia Naro Moru, mara nyingi vilele huwa vimejificha. Familia inaweza kupanda matatu mapema hadi Nanyuki, kisha ishuke na treni hadi Kiganjo au Karatina, iwe nyumbani kabla ya giza. Wanaoshuka wakae upande wa kushoto ili wauone mlima; upande wa kulia ni Aberdare. Wanaopanda Ijumaa wafanye kinyume. Miezi ya Januari na Februari ndiyo yenye anga safi zaidi. (Kwa wasiotaka kukosa ibada ya Jumapili, Ijumaa inabaki.)

Safari ni ya polepole na kuna sababu. Kutoka Nairobi treni kwanza huteremka hadi Sagana, takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, kisha huanza kupanda hadi Nanyuki, karibu mita 1,950. Reli yenyewe ni ile ya upana wa mita moja, si SGR, na hupinda ikifuata migongo ya vilima badala ya kuvikata. Kilomita zipatazo 240 huchukua sehemu kubwa ya siku. Mwenye haraka apande matatu.

Tofauti hiyo ya mwinuko ndiyo inayobadilisha chakula. Upande wa chini, Makuyu na Maragua, ni maembe na ndizi, na karibu na Sagana kuna mchele wa Mwea. Treni ikiingia Mathira, mashamba yanakuwa ya kahawa, na juu zaidi majani chai, huku nduma zikiota kwenye mabonde yenye maji. Karatina imekuwa mji wa mboga tangu zamani. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kulikuwa na kiwanda cha kukausha mboga kwa ajili ya wanajeshi. Leo soko lake ni miongoni mwa masoko makubwa ya wazi katika eneo hili la Afrika. Ukipita Kiganjo kuelekea Naro Moru, hewa inakauka na kuwa baridi, mashamba yanakuwa ya viazi, kabichi na ngano. Mito inayotoka mlimani ina trauti, samaki ambaye si wa asili ya hapa: waliletwa Kenya mwaka 1905 na kuwekwa katika Mto Gura.

Mgeni anayeshuka Karatina aulize mukimo uliopondwa na majani ya malenge au thabai, yale majani ya porini yanayowasha yakiwa mabichi lakini yakichemshwa hulainika kabisa. Aulize pia njahi, ambazo kwa desturi hupikiwa mama aliyejifungua, na uji uliochachushwa. Mutura ni chakula cha jioni na cha moto. Aliyelala kwenye sinia tangu jana aachwe hapo.

Kwa wafanyabiashara, treni si ahadi ya pesa. Abiria wengi wana tiketi ya kufika Nanyuki au Nairobi, na kituoni treni husimama kwa muda mfupi tu. Anayepata mauzo ni yule ambaye chakula chake kiko tayari, kimefungwa, na kinaliwa kwa mkono. Hapo mukimo haufai; ni chakula cha kuketi na sahani, na unaharibika haraka. Nduma, viazi vitamu, mahindi ya kuchemsha na ndizi vinafaa zaidi. Nduma iive kabisa, kwa maana isiyoiva huwasha koo, na mteja aliyewashwa koo hafiki kituo kijacho bila kusimulia behewa zima.

Yapo maswali ambayo huulizwa mara kwa mara kuhusu nani anasimamia nini. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inaweka reli chini ya serikali ya kitaifa. Kaunti haiwezi kuongeza siku za treni wala kupunguza nauli. Kilicho mikononi mwa kaunti ni utalii wa mashinani, masoko, leseni za biashara na usimamizi wa wanaouzia umma chakula. Kwa hivyo kibali cha biashara cha kaunti hakimpi mtu haki ya kuuza ndani ya kituo. Uwanja wa kituo na hifadhi ya reli ni mali ya Shirika la Reli, na anayetaka kuuza humo lazima apate ruhusa ya msimamizi wa kituo. Nje ya lango, kibali cha kaunti kinatosha, mradi muuzaji asizibe njia.

Kila anayeshika chakula cha kuuza anahitaji cheti cha afya, ambacho hutolewa baada ya kupimwa na hufanywa upya kila miezi sita. Cheti cha mwenye kibanda hakimkingi msaidizi wake. Kila mmoja awe na chake. Maombi hupelekwa kwa afisa wa afya ya umma wa kaunti ndogo. Chakula kilichopikwa kikae kwenye joto la zaidi ya nyuzi 60, na kisiachwe bila kupashwa moto au kuwekwa kwenye baridi kwa zaidi ya saa mbili. Kwa treni inayochelewa, hilo lina maana moja: pikeni kidogo, na mwe na jiko lililo tayari.

Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017. Majani ya ndizi na karatasi safi za kaki hufanya kazi hiyo vizuri. Wasafiri wanaoshuka Naro Moru kuelekea Mbuga ya Mlima Kenya wakumbuke kuwa tangu Juni 2020 chupa za maji na vyombo vingine vya plastiki vya kutumika mara moja haviruhusiwi ndani ya mbuga, hivyo wabebe chupa za kujaza tena.