SINDANO ZA MBWA NA PAKA: TUZIFAHAMU

Katika nyumba nyingi za mjini na vijijini mbwa ndiye mlinzi wa usiku, na paka ndiye mlinzi wa ghala. Wanapougua, wengi wetu hukimbilia duka la dawa za mifugo, tukanunua kichupa na bomba la sindano, kisha tukamwita jirani anayejua kuchoma ng'ombe. Mara nyingine mnyama hupona. Mara nyingine hufa usiku uleule, nasi husema ugonjwa ulikuwa mkali, kumbe ameuawa na dawa.

Mwezi huu tunaeleza sindano zinazotumika zaidi kwa wanyama hawa, kazi ya kila moja na hatari yake, ili mfugaji ajue la kumwuliza daktari wa mifugo na lile asilopaswa kulifanya mwenyewe.

1. Chanjo

Sindano ya kwanza kwa umuhimu ni ya kichaa cha mbwa, kwa sababu humlinda mnyama na watu wa nyumba pia. Karibu watu wote wanaokufa kwa ugonjwa huu duniani waliambukizwa na mbwa, na watoto wa miaka 5 hadi 14 ni miongoni mwa wanaopatwa mara nyingi. Dalili zikishaonekana kwa binadamu hakuna dawa ya kumponya.

Mtoto wa mbwa au wa paka huchanjwa akifikisha miezi 3. Chanjo hurudiwa baada ya mwaka mmoja, na baadaye kwa kadiri daktari atakavyoagiza. Kipimo ni mililita 1 kwa mkubwa na mdogo sawasawa, kwa kuwa chanjo haitibu, bali huufundisha mwili kujilinda. Mwili huhitaji wiki tatu hadi nne kujenga kinga hiyo, kwa hiyo usingoje mpaka usikie mbwa mwenye kichaa ameonekana mtaani. Angalau mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea.

Ipo pia chanjo ya distempa, ugonjwa unaoshambulia mapafu, tumbo na ubongo wa mbwa. Mwaka 1994 ugonjwa huu uliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, na mbwa wa vijiji vilivyo jirani na hifadhi walionekana kuwa chanzo cha maambukizi.

2. Dawa za kuua bakteria

Zinazojulikana zaidi ni penisilini na oksitetrasaiklini. Hutibu vidonda vilivyooza, majipu na homa ya mapafu inayoletwa na bakteria. Haziponyi kichaa cha mbwa wala distempa, kwa sababu magonjwa hayo huletwa na virusi.

Penisilini nyeupe kama maziwa hutikiswa kwanza, kisha huchomwa kwenye msuli. Ikiingia kwenye mshipa wa damu inaweza kuua. Oksitetrasaiklini nzito ya ng'ombe huleta maumivu makali mahali ilipochomwa, na meno ya watoto wa mbwa huweza kugeuka rangi daima. Asipewe mwenye mimba bila amri ya daktari.

3. Dawa za minyoo na magonjwa ya kupe

Hapa ndipo wanyama wengi hupotea. Aivemektini ya ng'ombe ina nguvu nyingi: mililita 1 inatosha ng'ombe wa kilo 50. Mbwa wa kilo 10 akichomwa mililita 2 amepewa mara kumi ya kipimo hicho. Tena mbwa wa jamii ya Collie, na wengine waliochanganyika nao, wana maumbile yanayoruhusu dawa hii kuingia kwenye ubongo. Huyumba, hutetemeka, hupoteza fahamu, na hakuna dawa ya kuiondoa sumu hiyo.

Diminazini, unga wa njano unaochanganywa na maji, hutumika kwa nagana na kwa ugonjwa wa kupe unaoharibu damu na kufanya mkojo wa mbwa kuwa mwekundu. Pakiti moja ndogo iliyotengenezwa kwa ng'ombe wa kilo 300 ni kipimo cha mbwa 20 wenye kilo 15 kila mmoja. Ikizidi kidogo tu, mbwa huvuja damu ndani ya ubongo. Imidokabu hutibu ugonjwa huohuo, lakini nayo hupimwa kwa uzito.

4. Dawa za uvimbe, maumivu na usingizi

Deksamethasoni hupunguza uvimbe na mwasho upesi, hata mtu akadhani mnyama amepona. Lakini hudhoofisha kinga ya mwili, na huweza kuharibu mimba. Haichanganywi na dawa nyingine za maumivu, kwani pamoja hutoboa tumbo.

Diklofenaki ya binadamu huunguza tumbo na figo za mbwa. Kwa paka, hata kidonge kimoja cha parasetamoli kinaweza kuua.

Ketamini na zailazini hutumika kumlaza mnyama wakati wa kuhasiwa au kushonwa. Zailazini hutapisha na hupunguza mapigo ya moyo, ndiyo maana daktari huagiza mnyama asile kabla ya upasuaji. Tii agizo hilo.

Mambo ya kushika

– Mpime mnyama uzito kabla ya dawa yoyote. Panda mizani ukiwa umembeba, kisha jipime peke yako; tofauti ndiyo uzito wake.
– Chanjo hukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8 bila kugandishwa. Mwulize mchanjaji kama amebeba barafu.
– Kila mnyama achomwe kwa sindano yake safi. Sindano zilizotumika zisitupwe wanakocheza watoto.
– Tunza kadi ya chanjo, na mwoneshe daktari kichupa cha dawa yoyote uliyokwisha kumpa.
– Baada ya sindano mtazame mnyama kwa nusu saa. Akivimba uso, akitapika au akihema kwa shida, mrudishe kwa daktari mara moja.
– Mtu akiumwa na mbwa, osha kidonda kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama mbwa alichanjwa.

Ukiwa na fedha kidogo tu kwa ajili ya mbwa wako mwaka huu, zitumie kwanza kwa chanjo ya kichaa. Uliza ofisi ya mifugo ya kata yako siku ya kampeni, kwani mara nyingi hutolewa bure.