Ndege za Mizigo Hutua Eldoret Zimejaa, Mbona Huondoka Tupu?

Anayeishi karibu na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Eldoret anaujua mngurumo wa ndege za mizigo. Kwa miaka mingi zimeleta nguo, vifaa vya elektroniki na bidhaa nyingine za madukani kutoka ng'ambo. Zikishapakua, nyingi huondoka tupu, na baadhi hupitia Nairobi kupakia maua na mboga. Mkulima wa huku anayeuza nje hulazimika kusafirisha mazao yake kwa lori zaidi ya kilomita 300 ili yakapande ndege huko.

Sababu ya kwanza ni hewa. Uwanja wetu, uliofunguliwa mwaka wa 1997, uko zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa hii nyepesi inawafaa wanariadha wetu, lakini injini ya ndege hupoteza nguvu na mabawa hushindwa kuinua uzito wote. Ndege iliyojaa mafuta na mizigo huhitaji kukimbia mbali zaidi kabla ya kupaa, na njia yetu ya kurukia ina takriban kilomita 3.5. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko chini kuliko wetu, na njia yake inazidi kilomita 4.

Ndiyo maana mazungumzo ya kurefusha njia hiyo hayaishi. Kikatiba, viwanja vya ndege ni jukumu la Serikali ya Kitaifa. Kaunti inashughulikia kilimo, masoko na barabara za kaunti.

Wenye mashamba jirani huuliza kama watafukuzwa. Kifungu cha 40 cha Katiba kinataka ardhi inayochukuliwa kwa manufaa ya umma ilipiwe fidia ya haki, tena bila kuchelewa. Tume ya Kitaifa ya Ardhi hutoa notisi katika Gazeti Rasmi la Serikali na kuwasikiliza wenye ardhi. Dalali akikuhimiza uuze upesi "kabla serikali haijachukua", mwambie akuonyeshe notisi hiyo.

Sababu ya pili ni mzigo wenyewe. Ndege kubwa ya mizigo hubeba karibu tani 100, na hakuna mwenye ndege atakayesubiri kreti kumi za mkulima mmoja. Tena si kila zao hupanda ndege. Mahindi hayalipi nauli hiyo. Avokado nayo, ambayo wengi wamepanda wakiutegemea uwanja huu, huvumilia safari ndefu katika kontena yenye baridi, na kwa sehemu kubwa husafiri kwa meli kupitia Mombasa. Yanayofaa ndege ni yale yanayoharibika upesi na yenye bei nzuri kwa kilo: maua, mishiri na majani ya viungo.

Kwa mwenye nusu ekari, njia iliyopo ni kikundi au chama cha ushirika chenye mnunuzi aliyeandikiana nacho mkataba kabla ya kupanda. Wanachama waweke rekodi za dawa walizonyunyizia na tarehe zake, kwani soko la Ulaya hupima mabaki ya dawa, na shehena hukaguliwa na KEPHIS kabla ya kupewa cheti cha afya ya mimea. Afisa wa kilimo wa wadi yako atawaelekeza namna ya kuandikisha kikundi na kuweka rekodi hizo.