Unafunga tela? Soma ubavu wa tairi kabla ya kulipa

Msimu wa mahindi ukifika Handeni, matela madogo yaliyolala uani miezi mingi hufungwa tena nyuma ya pikapu. Mzigo unatoka shambani kwa njia ya vumbi, unashika lami kuelekea Korogwe. Kabla ya safari, mwenye tela hupita kwa fundi kutafuta tairi, na mara nyingi anaangalia vitu viwili tu: kashata na bei.

Hapo ndipo kosa linapoanzia. Tairi la tela halisukumi gari wala halipigi kona kwa usukani. Kazi yake kubwa ni kubeba. Kwa hiyo swali la kwanza dukani ni moja: linabeba kilo ngapi?

Piga hesabu ya kilo

Jibu limeandikwa ubavuni. Chukua tairi la 195R14C, linalofungwa sana kwenye magari madogo ya mizigo. Herufi C inaonyesha ni tairi la mzigo. Baada ya saizi kwa kawaida utakuta 106/104. Hizo si kilo, ni alama. 106 maana yake kilo 950 kwa tairi moja. 104 ni kilo 900 kwa kila tairi, yakifungwa mawili mawili upande mmoja.

Tairi la gari dogo la abiria lenye alama 91 linabeba kilo 615 tu, hata kama linaingia kwenye rimu ileile.

Sasa chukua tela la matairi mawili lenye kilo 400 likiwa tupu. Likipakiwa gunia 12 za kilo 100, jumla ni kilo 1,600, yaani kilo 800 kwa kila tairi. Tairi la 106 linatosha na chenji inabaki.

Lakini gunia zikiwa lumbesa za kilo 130, jumla inafika 1,960. Kila tairi linabeba kilo 980. Limeshazidiwa, na kwa macho huoni tofauti yoyote.

Upepo ni sehemu ya nguvu

Kilo zilizoandikwa ubavuni zinabebeka tu tairi likiwa na upepo wake kamili. Upepo ukipungua, ubavu unajikunja kila mzunguko, tairi linachemka, na kwa joto la Korogwe mchana halichelewi kupasuka.

Pima kwa geji asubuhi kabla ya kuondoka, tairi likiwa la baridi. Ukipima njiani utakuta upepo umepanda kwa sababu ya joto. Usiupunguze.

Kashata nene, umri mkubwa

Tela haliendi kilomita nyingi kwa mwaka, ndiyo maana kashata haziishi. Kinachoisha ni mpira wenyewe, kwa jua na kwa kukaa. Tafuta ubavuni neno DOT. Mwishoni mwake kuna tarakimu nne. 1518 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 15, mwaka 2018. Kama upande mmoja hazipo, angalia wa pili.

Michelin wanashauri tairi livuliwe likifika miaka 10 tangu kutengenezwa, hata kama linaonekana zima, spea ikiwemo. Tairi la mtumba lenye nyufa ndogo ubavuni liache, hata likiwa bei poa.

Usichanganye

Tairi la waya na la nailoni hayajikunji sawa, hivyo yasifungwe kwenye ekseli moja. Yawe saizi moja, na upepo uwe sawa pande zote mbili. Spea nayo iwe na uwezo uleule wa kubeba. Spea ya abiria kwenye tela lenye mzigo ni pancha ya pili inayosubiri.

Tairi la mbele likipasuka, dereva analisikia kwenye usukani. La tela linaweza kupasuka asijue mpaka tela lianze kuyumba au bodaboda ampigie honi. Wakati huo tela lenye zaidi ya tani moja na nusu linatafuta upande wa kuangukia, na kando ya barabara kuna watu wanatembea kwa miguu.

Ukifika dukani, anza kusoma ubavu. Bei ifuate baadaye.