Hita inayotosha Dar haitoshi Njombe

Na Mwandishi Wetu

KILA ifikapo Juni, wenye nyumba za wageni katika Nyanda za Juu Kusini huulizwa swali moja na mteja kabla hata hajauliza bei ya chumba: maji ya moto yapo? Katika miji kama Njombe, Makete na Mafinga, jibu la swali hilo ndilo huamua kama mteja atalala hapo au atavuka barabara.

Wengi hutafuta jibu kwa kununua hita za papo kwa papo, yaani zile zisizo na tangi, ambazo hupasha maji yanapopita kuelekea kwenye bomba la kuogea. Sababu zao zinaeleweka. Hita hizo ni ndogo, hufungwa ukutani kwa muda mfupi na bei yake kwa kawaida ni nafuu kuliko ya tangi. Tatizo ni kwamba wanunuzi huangalia bei na kusahau kuuliza hita hiyo itapokea maji ya baridi kiasi gani.

Hesabu yenyewe si ngumu. Chukua lita zinazotoka kwa dakika, zidisha kwa idadi ya nyuzi unazotaka maji yapande, kisha zidisha kwa 0.07. Jibu ndilo kilowati zinazohitajika.

Tuchukue hita ya kilowati 5.5. Kwa Dar es Salaam, maji yakiingia yakiwa na nyuzi joto 27, kuyafikisha nyuzi 40 za kuogea ni kuyapandisha nyuzi 13 tu. Hita itatoa lita 6 kwa dakika, na mtu ataoga kwa raha. Ipeleke hita hiyo hiyo Njombe asubuhi ya Julai, maji yakiwa na nyuzi 14. Sasa yanatakiwa kupanda nyuzi 26, na hita itatoa lita 3 tu kwa dakika. Umeme ni ule ule, maji ni nusu. Mgeni akifungua bomba zaidi, yanatoka vuguvugu. Hapo muuzaji hulaumiwa kwamba kauza hita mbovu, kumbe hita ni nzima.

Hali huwa mbaya zaidi umeme unapokuwa mdogo, kwa sababu nguvu ya hita hushuka haraka kuliko volti. Hita ya kilowati 5.5 iliyotengenezwa kwa volti 230 ikipata volti 200 hutoa kilowati 4.2 hivi, na lita 3 zile hupungua hadi lita 2.3. Mwenye nyumba aliye mwishoni mwa laini anashauriwa kupima volti saa ambazo majirani nao wanatumia umeme kwa wingi, kabla ya kwenda dukani.

Hata hivyo, kununua hita kubwa zaidi bila kutazama nyaya ni kujitafutia hasara nyingine. Hita ya kilowati 5.5 hula ampea 24, na ya kilowati 7.5 hula ampea 33. Hakuna hata moja inayofaa kuchomekwa kwenye soketi ya ampea 13. Kila hita inahitaji waya wake wenyewe, sakiti breka yake, ethi iliyopimwa na kifaa cha kukata umeme unapovuja, kwa vile hapa umeme na maji vinakaa pamoja. Unene wa waya upangwe na fundi mwenye leseni ya EWURA, akizingatia umbali kutoka kwenye mita.

Kwa mfanyabiashara, hesabu inayouma ni ya vyumba vingi. Vyumba 10 vyenye hita za kilowati 5.5, wageni wote wakioga saa 12 asubuhi wawahi basi, vinahitaji kilowati 55. Kwa umeme wa njia moja hizo ni ampea 240 hivi. Kwa njia tatu zilizogawanywa sawa ni kama ampea 80 kwa kila njia. Asiyekuwa na njia tatu asianze kabisa kufikiria hita 10 za namna hiyo.

Tangi hapa lina faida yake. Tangi la lita 50 lenye kilowati 2 hula ampea 9 tu. Hupandisha maji kutoka nyuzi 14 hadi 60 kwa saa 1 na dakika 20 hivi, na yakichanganywa na ya baridi hupatikana karibu lita 88 za kuogea. Matangi yanaweza kupashwa kwa zamu usiku, wageni wamelala. Kwa kifupi, palipo na waogaji wengi kwa saa moja, tangi hufaa zaidi. Anapooga mmoja leo asubuhi na mwingine jioni, hita ya papo kwa papo hushinda, kwa kuwa haipotezi joto ikisubiri.

Wenye familia nao watazame LUKU. Kuoga dakika 5 kwa hita ya kilowati 5.5 hula uniti 0.46. Watu watano kila siku hufikisha uniti 69 kwa mwezi. Katika bei zilizopitishwa mwaka 2016, kundi la D1, la wastani usiozidi uniti 75 kwa mwezi, lilitozwa shilingi 100 kwa uniti, na kundi la T1 shilingi 292 kabla ya kodi. Maana yake ni kwamba, kwa bei hizo, kuoga peke yake kungeifikisha familia karibu na kikomo cha bei nafuu.

Kabla ya kutoa fedha, pima joto la maji ya bomba alfajiri ya kipupwe, si mchana. Jaza ndoo ya lita 10 huku ukitazama saa, ujue maji yako yanatoka kwa kasi gani. Soma kilowati na volti kwenye kibao cha hita yenyewe, na utafute alama ya TBS. Ikishafungwa, weka kitufe kwenye joto la juu wakati wa baridi, kisha punguza maji taratibu mpaka yafikie joto unalotaka. Aina nyingi hazitakiwi kubadilishiwa kitufe maji yakiwa yanatoka.

Ndoo, kipimajoto na saa ni gharama ndogo. Hita 10 zisizopasha ni mtaji uliokufa ukutani.